Ukurasa Mzima

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mume wangu husema hasira zangu zinakaa mlangoni, mgeni akibisha tu zinatangulia kumpokea. Kwa hiyo siku ile Wifi aliposimama katikati ya chumba changu cha kushonea, mkoba begani, akaniambia kwamba mtoto wangu atakuwa mjinga mikononi mwangu, nashangaa hata leo kwamba mkasi ulibaki mezani.

Wifi ni dada wa mume wangu, amemzidi miaka kumi na miwili. Ni mwalimu mkuu wa shule huko milimani, safari ya siku nzima kutoka kwetu, na huongea na watu wazima kana kwamba wote wamechelewa kufika mstarini. Alikuja kwa sababu alisikia nimemtoa Sisimizi shuleni.

Sisimizi ndiye binti yangu mkubwa, ana miaka sita. Jina hilo alipewa na baba yake kwa wembamba wake na kutotulia. Ana pumu. Muhula wake wa kwanza shuleni alilazwa mara tatu. Watoto themanini na kitu ndani ya chumba kimoja, sakafu vumbi, ubao vumbi, dirisha moja halifunguki. Daktari hakuzunguka mbuyu: mwaka huu akae nyumbani, kifua kikikomaa atarudi. Nikamtoa. Wewe ungefanyaje?

"Kukaa nyumbani sikatai," Wifi akasema. "Nani anamfundisha?"

"Mimi."

Akanitazama juu mpaka chini. Akaitazama cherehani, akautazama mlima wa vitambaa, akamtazama mdogo wa Sisimizi, Bonge, ambaye wakati huo alikuwa amekaa chini anajaribu kumeza kifungo.

"Wewe?"

Neno moja tu, jamani, na lilinikaa kooni wiki nzima. Mimi nimeishia darasa la saba. Sikuishia hapo kwa kupenda, na Wifi anajua.

Sitamsingizia, hoja alikuwa nazo. Kwake hewa safi, darasa lake la kwanza lina watoto ishirini na watano, walimu wamesomea kazi. "Nyumba ya mwalimu mkuu ina vyumba vinne," akasema, "na mimi nalala kimoja. Nipe mtoto nimsomeshe."

"Mtoto ana mama yake."

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Tukampigia simu mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na siku hizo alikuwa amebeba saruji sijui kwenda wapi. Simu tukaiweka sauti ya juu. Mwanamume yule anaweza kupitisha lori lenye tela kwenye kichochoro, lakini ukimweka kati ya dada yake na mkewe anasahau hata jina lake. "Dada ndiye mwalimu," akasema. Kisha, "Mama Sisimizi ndiye mama." Kisha akakohoa.

Basi Wifi akakata shauri mwenyewe. Miezi mitatu. Angerudi na kitabu chake cha darasa la kwanza. Sisimizi akisoma hadithi moja na kuielewa, atabaki nyumbani, na yeye hatafungua mdomo tena. Asiposoma, siku hiyohiyo anafunga virago anaondoka naye, mpaka amalize la saba.

"Haya," nikasema. Nilisema upesi ili nisiwahi kuogopa.

Wifi alipoondoka ndipo nikaogopa. Mtoto wangu anajikunja kitandani usiku kifua kikibana, anashika kidole changu gumba mpaka usingizi umchukue. Huko milimani angeshika cha nani? Nikajifunga kibwebwe.

Nilianza kwa duka la vitabu. Muuzaji akaniuliza, "Vya darasa la ngapi?" Nikamwambia, "Darasa la mezani kwangu." Akacheka, akaniwekea vitabu sita juu ya kaunta, vya mwalimu, vya mwanafunzi, vya mazoezi, nikafungua cha mwalimu na kukuta maneno kama umahiri mahususi na viashiria vya upimaji. Mwe! Nilikirudisha taratibu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Nikamfuata mwalimu wa zamani wa Sisimizi. Mama wa watu, amechoka, anasahihisha madaftari akiwa amesimama. Akanipa nakala ya orodha ya mambo ambayo mtoto wa darasa la kwanza anapaswa kujua, akaniambia, "Mama, usiige darasa. Huna watoto themanini, una mmoja. Mfundishe kwa vitu ulivyonavyo."

Nilivyonavyo! Nikarudi nyumbani nikazungusha macho. Nina vifungo debe zima. Nina futi ya kupimia. Nina vitambaa vya kila rangi na kila umbo. Chaki sikuitaka kwa sababu ya kifua chake, lakini sisi mafundi tunachorea nguo kwa kipande cha sabuni, na kitambaa cheusi ukikiandika kwa sabuni kinasomeka vizuri kuliko ubao, kisha unakifua. Kazi ya kukata nikaihamishia barazani, asubuhi napiga deki kwa maji, vitambaa nikavifungia kwenye mifuko, ndani pakabaki pasafi.

Kisha nikatunga sheria. Nilibandika mlangoni: HAKUNA KIPIMO BILA SOMO. Mteja yeyote anayetaka nimpime sharti kwanza anipe wazo moja la kumfundishia mtoto. Watu walicheka, lakini walitoa. Fundi viatu alimletea viatu kumi vilivyochanganyika aviweke jozi jozi, huko ndiko tulikojifunzia kuhesabu mbili mbili. Mwoka mikate alimfundisha nusu na robo, na somo likaliwa lote na Bonge. Mlinzi wa benki, bwana mmoja mkubwa kama kabati, alikaa chini akamfundisha saa kwa kofia yake na vijiti viwili vya kiberiti. Nesi wa zahanati akaahidi kuleta kitabu cha mwanawe aliyekwisha kua. Herufi nilizishona kwa mabaki ya vitambaa, nikazijaza pamba, Sisimizi akalala nazo. Kwa wiki tano alizijua zote. Nilimwita kila aliyepita dirishani aje aone.

Kusoma sasa. Karatasi nilizokuwa nazo ni magazeti. Mafundi wengi tunakatia nguo kwa magazeti ya zamani: unapima, unachora, unakata, karatasi ya mkono, karatasi ya kola, karatasi ya mgongo, unatundika ukutani kwenye misumari kwa ajili ya mteja atakayerudi. Ukuta wangu mzima ni magazeti. Maneno yamejaa! Nikasema penye nia pana njia, hii hapa maktaba. Kila asubuhi Sisimizi alichagua karatasi moja, akaitandika sakafuni, akasoma, na mimi huku napiga cherehani nikiwa nimempa mgongo, sikio kwake.

Mwanzoni alikuwa anakwama. "Mama, hapa neno halijaisha." Nikageuza shingo, nikaona karatasi imekatwa kwapani. "Malizia mwenyewe, mwanangu, tusonge mbele." Mara ya pili, "Mama, hapa tena." "Malizia, malizia." Basi akawa anamalizia. Na alisoma, wallahi alisoma! Habari za mvua, habari za mpira, habari za mkutano, sauti haikatiki. Mimi huku nakanyaga cherehani, nacheka peke yangu, nikimfikiria Wifi na ile "wewe" yake.

Zilipobaki siku kumi na mbili, nesi alikuja na kile kitabu alichoahidi. Kitabu kizuri, picha ya mbuzi kwenye jalada. Nikamwambia akae. "Soma, Sisimizi, nesi asikie."

Akashika kitabu, akasimama wima. "Mbuzi alikwenda kisimani akaanguka, wakamtoa kwa kamba."

Nesi akachungulia. "Hapa hapana kamba, mama. Pameandikwa mbuzi alikwenda kisimani kunywa maji kwa sababu alikuwa na kiu."

"Soma mstari unaofuata," nikasema.

"Huko kisimani alimkuta dereva wa lori, akampa lifti."

Nesi akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilinyanyuka nikaangalia kwa macho yangu. Maneno matatu manne ya mwanzo aliyasoma sawasawa, yaliyobaki yote ameyatoa kichwani. Mstari wa tatu hivyo hivyo. Wa nne hivyo hivyo.

"Soma kilichoandikwa!"

"Nimesoma, mama."

"Unanidanganya! Miezi yote hii ulikuwa unanidanganya!" Nikapiga meza kwa kiganja, debe la vifungo likapinduka, vifungo vikatapakaa chumba kizima. Sisimizi akaanza kulia, na kulia kwake kukageuka kuwa mluzi wa kifuani, ule ninaoujua. Nesi akawahi dawa ya kuvuta, akamkalisha, akamsugua mgongo. Nami nimesimama kama gogo. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika zile.

Pumzi ziliporudi, mtoto akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, si wewe ulisema nimalizie? Karatasi ikifika hapa," akagusa katikati ya ukurasa, "unamalizia mwenyewe."

Nikatazama ukuta wangu. Mikono, kola, migongo. Hakuna hata karatasi moja nyumbani kwangu yenye kingo nne. Mtoto wangu alikuwa hajawahi kusoma mstari uliofika mwisho. Alijua kusoma ndiyo hivyo: macho yanaanza, kichwa kinamalizia. Na aliyemfundisha ni mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimempa mgongo.

Jioni ile nilimpigia mume wangu. "Mwambie dada yako aje amchukue. Amesema kweli, mimi siwezi."

Akasema, "Nani mwenzangu? Nimekosea namba? Maana mke wangu namjua, na huyu siye."

"Usinifanyie mzaha, nimechoka."

"Mama Sisimizi. Shati ukilikosea kukata, unafanyaje?"

"Nafumua."

"Sasa unaniuliza nini mimi? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akakata simu. Mwanamume yule miaka tisa sijapata kumsikia akinena neno la maana kwenye simu, na siku alipolinena akakata kabla sijamshukuru.

Kesho yake alfajiri nilivua ukuta wote. Karatasi zote nikazifunga furushi, nikazisukuma juu ya kabati. Nikaenda kwa kijana wa fotokopi nikamwomba karatasi zilizoharibika upande mmoja, nzima, zisizokunjwa. Nikazikunja katikati, nikabadili sindano nikaweka ile nene ya jinzi, nikapiga mshono katikati, kikatoka kitabu. Hadithi nikaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: fundi viatu aliyepoteza kiatu chake mwenyewe, mlinzi aliyelinda kivuli, Bonge na vifungo vyake. Na pembeni mwa kila ukurasa, upande wa kulia, toka juu mpaka chini, nikapitisha mshono wa uzi mwekundu.

"Sheria ni hii," nikamwambia. "Kidole kisipogusa uzi, mstari haujaisha. Ukitaka kutunga, kitabu unakifunga kwanza, unatunga mpaka uchoke, nami nitakusikiliza. Ukikifungua, ni kile kilichomo tu."

"Hata kama changu ni kizuri zaidi?"

"Hata kama."

Alinuna. Siku ya kwanza aliruka mistari, akatunga, akalia, mimi nikauma meno mpaka taya zikauma. Lakini safari hii sikukaa kwenye cherehani. Nilikaa sakafuni ubavuni mwake, jicho kwenye kidole chake. Asubuhi zote zile cherehani ilikuwa imefunikwa. Mama mmoja mwenye oda ya mapazia alikuja kugomba mlangoni, madirisha yake yako uchi, majirani wanamchungulia. Nikamwambia, "Dada yangu, zima taa. Mapazia yatangoja, mtoto hangoji."

Siku ya tano kidole kiligusa uzi mara tatu mfululizo. Siku ya nane alisoma ukurasa mzima, akashangaa. "Mama! Kumbe mwishoni huko kuna maneno mengine!" Nikaingia jikoni nikajifuta macho kwa upindo wa nguo, nikarudi kama sikutoka. Siku ya kumi nilianza kufumua uzi, ukurasa mmoja mmoja, asome bila mshono. Hapo ndipo tulipofika, nusu ya kitabu ikiwa na uzi na nusu bila, Wifi alipobisha hodi.

Aliingia na mkoba wake, na begi jingine dogo, jipya, la kitoto. Akatoa sweta la sufi la bluu, akalipima mgongoni mwa Sisimizi bila kusema neno. Lilimtosha barabara. Mtu aliyekuja kupima usomaji tu hanunui sweta la baridi ya milimani, ananunua mtu aliyekuja kuchukua.

"Tuanze," akasema.

Wakakaa kwenye benchi, mimi nikaambiwa nikae kwenye kiti cha cherehani na nisifumbue mdomo. Bonge nikampakata ili nipate kitu cha kubana. Wifi akafungua kitabu chake. Kilikuwa na hadithi ya kuku aliyeokota ufunguo.

Sisimizi akaweka kidole. "Kuku aliokota ufunguo," akaanza, "chini ya..." Akasimama. Kidole kikaenda mpaka kwenye ukingo wa karatasi, kikapapasa. Uzi hakuna. Nikaona mdomo wake unafunguka na macho yanaenda juu darini, naujua mtazamo ule, ndio anaotunga nao. Nikambana Bonge mpaka akalalamika. Wifi akaninyooshea kidole, kimya.

Macho yakarudi chini. "Chini ya... ngazi ya... jirani."

Akaenda mstari wa pili. Taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini hakuna jiwe aliloruka. Kuku akaenda kwa bata, bata hakupotewa na ufunguo. Akaenda kwa sungura, sungura hana mlango. Wifi akawa anauliza: sungura alijibu nini? Kwa nini kuku hakuutupa? Mtoto akajibu, na kila alipojibu alirudisha kidole kwenye mstari akaonyesha, "Pameandikwa hapa." Ukurasa wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu, chini kabisa, akasoma, "Kuku akaingiza ufunguo, mlango ukafunguka, na ndani akamkuta..."

Ukurasa ukaishia hapo. Wifi alikuwa ameshika pembe ya karatasi kwa kidole gumba, wala hakufungua.

"Enhe," akasema. "Akamkuta nani?"

Jamani, ningekuwa na uwezo ningezimia. Wifi amefundisha miaka thelathini, aliyaona macho yalivyokwenda darini, akamjua mtoto. Sisimizi aliyafumba macho kidogo, na mimi ninavyomjua mwanangu, mle kichwani walikuwa wameshajaa chui, madereva wa lori na mambo mengine.

"Sijui," akasema. "Sijasoma bado. Fungua."

"Bahatisha tu."

"Hapana, Shangazi. Haijaisha. Imeandikwa huko nyuma."

Wifi hakufungua. Alinyanyua uso akanitazama, na ulikuwa uso nisioujua.

"Kitanda chake nimeshakitandika," akasema. "Tangu mwezi uliopita. Nimenunua na neti."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilikuwa na maneno ya kumrushia, nimeyanoa miezi mitatu, yote yakaniyeyukia mdomoni. Miezi yote hiyo nilidhani anapigania mtoto asome. Kumbe alikuwa anasikiliza vyumba vitatu vitupu kila jioni, na mimi nilikuwa nashindana na mwanamke anayetandika kitanda cha mtoto asiye wake.

"Usikitandue, Wifi," nikasema. "Shule zikifunga tutakuja wote. Nitabeba na cherehani. Lakini Sisimizi anarudi na mimi."

Wifi alikuwa bado amekibana kile kidole gumba juu ya karatasi, na chozi limemtoka wala halifuti. Mtoto akamvuta mkono, kwanza polepole, kisha kwa nguvu.

"Shangazi, fungua basi."

Wifi akafungua ukurasa.